Vijana na Sheria za Mapinduzi: Mambo ya Iran na Funzo Lake Nyumbani



Mwezi huu tumepokea barua ya baba mmoja mwenye watoto watano, ambaye jina lake twalihifadhi kama alivyotuomba. Asema kwamba binti yake mkubwa, mwenye miaka 17, hutoka nyumbani kila asubuhi akiwa amejitanda vizuri. Lakini jirani mmoja amemwona kwenye kituo cha basi akivua mtandio na kuutia mkobani. Jioni, kabla hajaingia mtaani, huutoa akajitanda tena, akapiga hodi nyumbani kwao kama kwamba hapana lililotokea. Baba huyu hakumpiga mwanawe wala hakumtukana. Aliketi usiku ule bila ya kupata usingizi, kisha akachukua kalamu akatuandikia. Mwisho wa barua yake auliza hivi: “Mimi nimechoka kusema. Je, haingekuwa kheri nasi tungepata serikali yenye sheria kali, kama zile zilizowekwa Iran baada ya mapinduzi, zikatusaidia kuwanyosha vijana wetu?”

Swali hili ni zito, na limetoka katika moyo wenye uchungu. Wala si baba huyu peke yake anayeuliza. Twalisikia barazani, twalisikia msikitini baada ya sala, na wengine walisema hadharani bila ya kujua mambo yenyewe yalikuwaje. Kwa hiyo tumeona yafaa tuwaeleze wasomaji wetu, wakubwa kwa wadogo, habari za Iran kama zilivyokuwa, kisha ndipo turudi kwa baba yetu na binti yake. Si nia yetu kuihukumu madhehebu ya mtu, wala kuifurahia misiba ya ndugu zetu. Nia yetu ni kutafuta funzo.

Amri ya kwanza ilikuwa ya kuvua

Wengi hudhani kwamba habari ya serikali na kitambaa cha kichwani Iran ilianza mwaka 1979. Sivyo. Ilianza zamani kuliko hapo, nayo ilianza kinyume.

Mfalme Reza Shah alitaka nchi yake ifanane na Ulaya kwa upesi. Mwaka 1928 ilitungwa sheria ya kuwavika wanaume suti na kofia za namna moja. Mwaka 1935 watu walikusanyika katika msikiti wa Goharshad, mjini Mashhad, kulalamikia amri hizo, na askari wakawapiga risasi. Kisha, Januari 1936, ikatoka amri ya kuwavua wanawake hijabu. Polisi waliwaandama wanawake njiani wakawavuta chadori, yaani lile vazi kubwa ambalo sisi tungelifananisha na buibui, wakaliondoa kwa nguvu. Wako wanawake ambao hawakutoka nje tena kwa miaka, na hata kwenda hamamu ikawa kazi ya usiku na ya kujificha. Wako wasichana walioachishwa masomo na wazazi wao, kwa kuwa mzazi alichagua mwanawe akose elimu kuliko aende shule kichwa wazi. Hata mfalme alipong’olewa mwaka 1941, amri ile ikalegea yenyewe, na wanawake wengi wakarudi kujitanda siku ile ile. Miaka mitano ya polisi haikubadilisha moyo wa mtu.

Twaomba msomaji alishike jambo hili, maana tutalirudia.

Vijana walioleta mapinduzi

Mwanawe, Mohammad Reza Shah, hakulazimisha watu kuvua, lakini alitawala kwa mkono wa chuma na kwa askari wa siri. Mwaka 1978 nchi ikachafuka. Vijana wa vyuo vikuu wakajaa barabarani. Na hapa pana jambo la ajabu kwa anayetazama. Wasichana wengi wasomi, ambao mama zao walikuwa wakivaa mavazi ya Ulaya, walijitanda chadori kwa hiari yao, ili kumwonyesha mfalme kwamba hawamtaki. Vazi lile lile lililovuliwa kwa nguvu sasa likavaliwa kama bendera ya uhuru.

Shah aliondoka nchini Januari 16, 1979. Ayatollah Khomeini akarudi Februari 1, baada ya kukaa uhamishoni kwa zaidi ya miaka 14, na ilipofika Februari 11 utawala wa zamani ukaanguka. Mwishoni mwa Machi watu wakapiga kura kuamua kama nchi iwe Jamhuri ya Kiislamu, na vijana wa miaka 16 wakaruhusiwa kupiga kura hiyo. Ilitangazwa kwamba zaidi ya watu 98 katika kila 100 waliopiga kura walisema ndiyo. Hivyo basi, tusiseme kwamba vijana wa Iran waliletewa mapinduzi kutoka nje. Waliyataka, waliyapigania, na wengi walikufa kwa ajili yake. Walilotofautiana ni hili: wakishashinda, maisha yawe namna gani.

Jinsi sheria zilivyokuja

Hazikuja zote siku moja. Zilikuja moja baada ya moja, kama maji yanayopanda pwani.

Februari 1979, kabla ya kutimia mwezi, ilitangazwa kusimamishwa kwa Sheria ya Kulinda Familia ya mwaka 1967, iliyoongezewa nguvu mwaka 1975. Sheria hiyo ndiyo iliyokuwa imepandisha umri wa kuoana hadi miaka 18 kwa msichana na 20 kwa mvulana. Baadaye, mwaka 1982, sheria ya raia ikabadilishwa, umri ukafanywa ni wa baleghe: miaka 9 ya mwezi kwa msichana na 15 kwa mvulana. Ilichukua miaka 20 hata umri wa msichana ukapandishwa tena kuwa 13, mwaka 2002, na aliye chini ya hapo asiozwe ila kwa idhini ya mahakama.

Machi 7, 1979, Khomeini akasema kwamba wanawake wanaofanya kazi katika ofisi za serikali yawapasa wavae hijabu. Kesho yake, na siku kadhaa zilizofuata, maelfu ya wanawake wakaandamana Tehran. Miongoni mwao walikuwamo waliovaa hijabu wenyewe, wakisema kwamba wao huvaa kwa kumtii Mungu, lakini hawakubali dada zao walazimishwe. Ayatollah Taleqani, aliyekuwa mtu mwenye heshima kubwa katika mapinduzi, akawatuliza watu kwa kusema kwamba hapana kulazimisha. Serikali ikarudi nyuma, lakini kwa muda tu. Mwaka 1980 ikawa lazima maofisini. Mwaka 1983 ikatungwa sheria kwamba mwanamke atakayetokea hadharani bila ya hijabu aweza kupigwa viboko 74.

Vyuo vikuu vilifungwa mwaka 1980, kwa kile kilichoitwa Mapinduzi ya Utamaduni, ili vitabu visafishwe na walimu wachujwe. Havikufunguliwa tena sawasawa ila baada ya miaka kama miwili au mitatu. Fikiri, ewe kijana unayesoma gazeti hili: umefaulu mtihani, umeshona nguo za kwendea chuo, na mlango wafungwa kwa muda ambao hapana aujuaye. Wengine walipofunguliwa vyuo walikwisha kuwa na watoto. Na wengine walikataliwa kurudi, kwa kuwa fikira zao hazikupendeza.

Siku moja ya kijana

Sasa tutazame siku ya kawaida ya kijana wa Tehran katika miaka ya 1980.

Msichana wa darasa la kwanza, mwenye miaka sita au saba, alivaa joho refu, suruali, na kofia ya kitambaa iliyofunika nywele na mabega; na rangi zilizotakiwa zilikuwa nyeusi, kahawia, kijivu na buluu ya kiza. Shule za wasichana zilitengwa na za wavulana. Asubuhi watoto walipangwa mistari uwanjani, wakasomewa Qurani, kisha wakaitikia maneno ya mapinduzi kwa sauti. Kaka yake alijua kwamba kaptura haifai barabarani hata kwa joto la kiangazi, na kwamba tai shingoni ni alama ya kuiga Magharibi. Nywele ndefu za mvulana zilimwitia maswali.

Mitaani walipita watu wa kamati za mapinduzi ndani ya magari yao. Kijana akitembea na msichana, aliulizwa: huyu ni nani wako? Walitakiwa waonyeshe ushahidi kwamba ni ndugu au ni mume na mke, na waliokosa walichukuliwa. Nyumba yenye arusi, ikiwa sauti ya ngoma ilisikika nje, iliweza kubishiwa hodi usiku, watu wakatazamwa wamevaa nini na wamekunywa nini. Kamati hizo ziliendelea mpaka zilipounganishwa na polisi mwaka 1991.

Nyimbo zilinyamazishwa. Julai 1979 Khomeini aliufananisha muziki na kasumba, na redio ikaacha kuupiga isipokuwa nyimbo za mapinduzi na za vita. Mwanamke alikatazwa kuimba peke yake mbele ya wanaume. Googoosh, mwimbaji aliyekuwa mashuhuri kuliko wote nchini, alikaa kwao bila ya kuimba hadharani kwa miaka kama 20, mpaka alipoondoka mwaka 2000. Sauti yake, hata hivyo, haikutoweka; ilikuwa ikisikika katika kaseti zilizorudufiwa majumbani na kupokezanwa chini ya makoti. Mikanda ya vidio nayo ikapigwa marufuku, ikawa mtu aja nyumbani na mkoba, kama mganga na dawa zake, akafungua na kuonyesha filamu alizo nazo. Hata mchezo wa sataranji, ambao kwa karne nyingi Waajemi walijulikana kwao, ulikatazwa. Na mwaka 1988 Khomeini mwenyewe akauruhusu, maadamu hapana kamari ndani yake.

Juu ya yote hayo palikuwa na vita. Iraq iliivamia Iran Septemba 1980, na vita havikwisha ila Agosti 1988. Vijana wadogo wa kujitolea walikwenda mstari wa mbele kwa maelfu. Mohammad Hossein Fahmideh, mvulana wa miaka 13 aliyekufa mwaka 1980 akilipua kifaru cha adui, alifanywa mfano wa kufuatwa na jina lake likaingia katika vitabu vya shule. Wala haifai mtu aliyekaa kwa amani kuwadharau vijana hao. Wengi walikwenda kwa imani ya kweli, na mama zao waliwalilia kwa machozi ya kweli.

Tuseme haki

Mwenye kusimulia upande mmoja tu amedhulumu. Yako mambo ambayo wazazi wengi, hasa wa vijijini na wa nyumba za dini, waliyashukuru. Baba aliyekuwa akikataa kumpeleka binti yake shule enzi ya Shah, kwa kuogopa kuchanganyika na mavazi ya wazi, sasa hakuwa na sababu ya kukataa. Serikali ilianzisha kisomo cha watu wazima mwaka ule ule wa 1979. Hesabu ya watu ya mwaka 1976 ilionyesha kwamba wanawake waliojua kusoma na kuandika walikuwa kama 36 katika kila 100. Ya mwaka 1996 ilionyesha kama 74. Na kufikia mwanzo wa karne hii, wasichana waliokuwa wakiingia vyuo vikuu walizidi nusu ya wote.

Lakini tazameni hekima ya mambo. Wasichana wale wale waliofunguliwa mlango wa shule ndio waliosoma, wakafahamu, wakaanza kuuliza: mimi ni daktari, ni mwalimu, nimeaminiwa kutibu watu na kusomesha watoto, vipi siaminiwi kujivika kichwa changu mwenyewe?

Nyumba yenye milango miwili

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu.

Sheria kali hazikuwafanya vijana wote wa Iran kuwa wachamungu. Ziliwafanya wengi wao kuwa na maisha mawili: moja la nje na moja la ndani. Nje, kichwa kilifunikwa, uso haukucheka, na maneno yalipimwa. Ndani, mapazia yalishushwa, kaseti ikapigwa, na vazi likabadilishwa. Mtoto mdogo alipokwenda shule alionywa na mama yake: ukiulizwa kama baba yako ana vidio, sema hana, ukiulizwa kama tunasikiliza nyimbo, sema hatusikilizi. Wamesimulia hayo watu wengi waliokulia huko, waliobaki na waliohama.

Enyi wazazi, litazameni jambo hili kwa jicho la dini. Mama amemlea mwanawe kwa maziwa yake, amemfundisha kwamba uwongo ni haramu, na sasa yeye mwenyewe amfundisha kusema uwongo, kwa kuwa akisema kweli baba yake atafungwa. Ni dhambi gani iliyo kubwa katika moyo wa mtoto: wimbo aliousikia, au kuzoea unafiki akiwa na miaka saba? Sheria iliyokusudia kulinda adabu ilibomoa ukweli, na ukweli ndio msingi wa adabu zote.

Na mwisho wake mwaujua. Mwaka 1997, vijana waliozaliwa karibu na mapinduzi, walipokuwa na haki ya kura, walimchagua Mohammad Khatami kwa kura kama 70 katika kila 100, kwa kuwa aliahidi kulegeza. Yakalegea kidogo, kisha yakakaza tena. Katikati ya miaka ya 2000 wakawekwa askari wa doria ya maadili, wakisimama mabarabarani na magari yao kuwakamata waliojitanda vibaya. Desemba 2017 msichana mmoja alisimama juu ya sanduku la umeme katika Barabara ya Mapinduzi, Tehran, akafunga kitambaa chake cheupe kwenye fimbo na kukipeperusha kimya kimya. Na wengine wakamfuata. Mwaka 2018 ofisi ya utafiti iliyo chini ya rais ilitoa uchunguzi ulioonyesha kwamba karibu nusu ya watu waliohojiwa waliona hijabu ni jambo la mtu mwenyewe, lisiingiliwe na serikali.

Kisha Septemba 13, 2022, Mahsa Amini, msichana wa miaka 22 kutoka Saqqez, aliyekuja Tehran kutembea pamoja na jamaa zake, alikamatwa na doria hiyo kwa kuambiwa hakujitanda sawasawa. Siku tatu baadaye alikufa hospitalini. Serikali ilisema alikuwa na maradhi ya tangu zamani. Wazazi wake walikana. Nchi nzima ikafuka moto. Wasichana wa shule wakavua vitambaa na kuvitupa hewani, na mamia ya watu wakauawa, wakiwamo watoto. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria nyingine, kali zaidi, ya hijabu na staha; na Desemba 2024, ilipokuwa karibu kuanza kutumika, serikali yenyewe ikaona hatari yake ikaisimamisha.

Ndugu wasomaji, mwaka 1936 msichana alivuliwa kitambaa na polisi, akakivaa alipopata nafasi. Mwaka 1983 alivikwa kitambaa na polisi, na bintiye akakivua alipopata nafasi. Kitambaa ni kile kile. Moyo wa binadamu nao ni ule ule. Kilichokosekana mara zote mbili ni mtu wa kuuliza moyo huo wasemaje.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Waajemi peke yao. Kwetu, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, nguo fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kujichubua zipigwe marufuku Dar es Salaam. Hiyo haikuwa amri ya dini, ilikuwa ya kulinda utamaduni wa taifa. Lakini hata kabla ya siku kufika, makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake Kariakoo na kuwararua nguo zao. Yaani ili kuzuia mwanamke asionekane mwili, wakamrarua nguo mbele ya watu! Nguvu ikishika kazi ya adabu, husahau adabu yenyewe.

Jawabu letu kwa baba

Baba yetu mheshimiwa, sasa twakujibu wewe.

Hatusemi kwamba hijabu si wajibu. Wajibu wake waujua, na binti yako aujua. Hatusemi pia kwamba mzazi asiwe na kanuni nyumbani kwake; nyumba isiyo na kanuni ni soko. Dini yetu yatufundisha kwamba imani haitiwi moyoni kwa nguvu. Najua atatokea mwenye kusema kwamba fundisho hilo lahusu kuingia katika dini, wala si kufuata amri zake baada ya mtu kuingia. Neno lake lina uzito, na wanavyuoni wamelijadili. Lakini tuache mjadala wa wanavyuoni, tutazame matunda. Ikiwa amri ya dola lenye polisi, mahakama na viboko, kwa zaidi ya miaka 40, haikuweza kuingiza staha katika moyo wa asiyetaka, je, wewe waitamani amri hiyo ikufanyie kazi gani? Itamvika binti yako mpaka kituo cha basi. Huko amekwisha kufika bila ya serikali.

Rejea kisa cha Luqman katika Qurani, namna alivyomwusia mwanawe. Alimwita kwa upole wa mzazi. Hakuanza na mavazi wala na mwendo wake. Alianza na kumjua Mungu mmoja, na ndani ya maneno hayo kukawekwa wema kwa wazazi, kisha akamweleza kwamba Mwenyezi Mungu alijua hata lililo dogo kama chembe ya hardali iliyofichika ndani ya jiwe, kisha sala, kisha subira, na mwisho kabisa ndipo alipomwambia juu ya mwendo wake na sauti yake. Sisi twageuza mpango huo. Twaanza na nguo, na tukifika kwenye nguo twachoka, hatufiki kwenye Mungu.

Binti yako amevua mtandio kwa sababu amejua jicho lako haliwezi kufika kituo cha basi. Hukumfundisha bado, au sisi sote hatukumfundisha, kwamba liko Jicho lingine. Na Jicho hilo halifundishwi kwa ukali. Lafundishwa na baba anayesema kweli hata ikimwumiza, asiyemdhulumu mtu katika biashara, anayemstahi mama wa watoto wake, ambaye mtoto akimtazama husema moyoni: huyu anamwogopa Mungu kweli.

Basi twakupa shauri. Usimfumanie kwenye kituo cha basi, wala usimtume nduguye kumpeleleza. Chagua siku ya utulivu, muwe wewe, mama yake na yeye. Mwambie: “Mwanangu, nimeambiwa jambo, sikulipenda, lakini nataka kulisikia kwako kabla ya kusema langu.” Kisha nyamaza. Huenda ukasikia kwamba wenziwe humcheka darasani. Huenda ukasikia kwamba ana maswali juu ya dini ambayo aliogopa kuyauliza. Huenda likatoka jambo usilolitazamia kabisa. Msikilize mpaka mwisho, nawe umjibu kwa unalolijua. Usilolijua, nendeni nyote wawili kwa mwenye elimu. Na akikwambia, “Baba, mimi bado sijakinai,” usimfukuze moyoni mwako. Mwambie kwamba wapenda ajitande, na sababu yake ni hii na hii. Na kwamba zaidi ya hilo hupendi akudanganye. Mtoto anayekwambia kweli usiyoipenda yu karibu nawe kuliko mtoto anayekuonyesha kitambaa unachokipenda.

Nawe, binti yetu, ambaye labda gazeti hili litakufikia mkononi: baba yako hakulala usiku ule. Hakuwa akifikiri nini watu watasema tu. Alikuwa akifikiri ni lini ulianza kumwogopa. Usimwache katika uchungu huo. Ikiwa una neno, mwambie mbele ya uso wake, kwa adabu, wala usiliseme kwa mkoba uliofungwa. Wasichana wa Iran wengi hawakuwa na wa kumwambia, maana aliyewaamrisha alikuwa askari asiyewajua majina yao. Wewe aliyekuamrisha akujua tangu ulipokuwa hujui kutembea. Hiyo ni neema, itumie.

Na nyinyi vijana wa kiume mnaopenda kusema “lau tungekuwa na sheria,” anzeni na macho yenu. Waumini wanaume waliamrishwa kuinamisha macho kabla ya wanawake kuamrishwa la mavazi. Amri hiyo haitaki polisi wala Bunge. Yataka wewe tu, leo, ukitoka mlangoni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe na mlango mmoja, ndani na nje pawe sawa, na vizazi vyetu vimche Yeye kwa siri kama kwa dhahiri. Amin.

Wabillahi tawfiq.